Katoni Moja, Milango Sita

Wiki iliyopita tulimwacha Mama Pindo kajibanza nyuma ya mlango wake mwenyewe, pasi ya moto mkononi, ufunguo wa nyumba ukining'inia shingoni, na ufunguo mwingine asioujua ukizunguka kwenye kitasa kutokea nje. Mliosema atazimia, mmekosea. Mliosema atapiga mayowe, mmekosea zaidi. Alichofanya ni kulamba kidole akagusa pasi. Ikalia chss. Imeiva.

Mlango ukafunguka.

Akaingia mwanamume anapiga mluzi, raha mustarehe, kama aingiaye kwake. Akavua viatu akavipanga ukutani. Akavua koti akalitundika kwenye sanamu ya kupimia nguo. Kisha, bila haraka yoyote, akafungua mkanda wa suruali.

“Mwalimu,” Mama Pindo akasema kutoka kule nyuma, “ukishuka zaidi ya hapo, mmoja wetu itabidi ahame mtaa huu, na sitakuwa mimi.”

Mwalimu mstaafu wa nyumba ya tano akageuka, suruali kaikamata kwa mikono miwili.

“Mama Pindo? Unafanya nini sebuleni kwangu?”

“Kwako?”

“Tena na pasi.”

“Hebu tazama pale mezani. Kile ni nini?”

Mwalimu akakunja macho. Miwani yake ilikuwa kwa fundi tangu Jumatatu, na tangu Jumatatu alikuwa ameshaamkia majirani wawili na nguzo moja ya umeme.

“Televisheni,” akasema.

“Cherehani, Mwalimu. Umeanza lini kushona?”

Mwalimu akaifunga suruali yake taratibu, tundu kwa tundu. Mtu akifikia umri ule, heshima ikishamtoka hairudi mbio.

Sasa, kwa aliyedandia hadithi leo, nimweleze upesi. Safu hii ina nyumba sita, zimefanana kama mayai ya kuku mmoja. Mbele zinatazama barabara, nyuma zinatazama ua mmoja wa wote. Mama Pindo, mjane na mshonaji, anakaa ya nne. Kwa wiki tatu mwizi amekuwa akiingia mchana kweupe. Televisheni ya Mwenyekiti wa safu, redio ya Mwalimu, jiko la gesi la dereva wa nyumba ya sita. Havunji, hakwaruzi. Anafungua, anabeba, anatoka na kufunga mlango nyuma yake. Mwizi ana adabu kuliko wageni wengi.

Na vitasa vyote vya mbele, vipya, vinang'aa, vilifungwa na mtu mmoja: Nyundo wa nyumba ya tatu, mdogo wake Mama Pindo, fundi wa milango. Mama yao alipofariki, Nyundo alikuwa hajaota meno. Mama Pindo ndiye aliyembeba mgongoni, akamwosha, akamchapa, akamsomesha. Leo hii Nyundo yuko uani, kakalia sanduku lake la vifaa, na Mwenyekiti kamshika ukosi wa shati. Neno limeshatoka: mfunga kitasa ndiye mfungua kitasa. Saa sita mkutano, na baada ya mkutano, kituo cha polisi.

Saa nne ilikuwa imeshapita.

“Lete huo ufunguo,” Mama Pindo akasema.

Mwalimu akampa. Kwa nukta moja Mama Pindo alimwaza mabaya. Halafu akamtazama vizuri, soksi zake za rangi mbili, akaona huyu hawezi kuiba hata usingizi. Angeuiba, angeuweka mahali, angeusahau.

“Umeupata wapi?”

“Kwa ndugu yako. Ni wa mlango wangu.”

“Na umefungua wangu.”

“Umeingia vizuri sana,” Mwalimu akakiri. “Wala haukukwama.”

Mama Pindo akachomoa ufunguo wake shingoni, akaulaza kiganjani pembeni ya ule. Meno kwa meno. Pembeni ya shina, tarakimu ndogo za kuchoshea macho: 27. Na kwenye ule mwingine: 27.

Akaiweka pasi chini. Akaichomoa kwenye umeme kwanza, maana hata kwenye balaa kuna utaratibu.

“Vaa viatu, Mwalimu. Tunakwenda kuwa wezi kidogo.”

Nyumba ya tano, kwa Mwalimu: ufunguo wa Mama Pindo ukazunguka kama kijiko kwenye uji. Ndani, sufuria ya chai ilikuwa imekaukia jikoni na kuanza kunuka. “Nilijua nimesahau kitu,” Mwalimu akasema, akaenda kuzima.

Nyumba ya pili: ukazunguka pia. Mama Pindo akasukuma, akakutana uso kwa uso na nesi, aliyekuwa kalala baada ya zamu, shuka mabegani na kandambili mkononi tayari kwa vita.

“Mama Pindo. Umekuja kuniibia au kunisalimu?”

“Bado sijajua, mwanangu. Ukiamka njoo uani saa sita, na funguo zako zote.”

Nyumba ya kwanza, kwa Mwenyekiti. Hapa Mama Pindo alisita. Mwenyewe yuko uani, na mkewe, kwa mujibu wa Mwenyekiti, kaenda kliniki kutibiwa chafya. Mama yule akikutana na vumbi la vitambaa hupiga chafya tatu mfululizo, zikafika nyumba ya sita. Ndiyo maana hajawahi kukanyaga kwa mshonaji. Nguo zake hupimiwa barazani.

Ufunguo ukaingia. Mlango ukaachia. Sasa, mtu mzima hachungulii nyumba ya mwenzake. Mama Pindo akachungulia kidogo tu. Pale ilipokuwa televisheni pamebaki mraba safi ukutani, na dirishani limening'inia pazia jipya, maua mekundu makubwa kama sahani, pindo lake limekwenda mrama. Akaguna. Pindo baya halimpiti yeye.

“Bibie, umehamia kwa Mwenyekiti bila kuniaga?”

Moyo ukamruka. Nyuma yake kasimama Bwana Mapazia, tepu ya kupimia shingoni, tabasamu limekunjuliwa upana wote. Bwana huyu ana duka la mapazia pale kona, na ni miezi minane sasa anamposa Mama Pindo kwa njia ya dirisha. Kila akija, analipima. Dirisha halijaongezeka hata inchi, ila yeye hachoki.

“Nilikuwa naangalia kama pamefungwa,” Mama Pindo akasema, akauvuta mlango.

“Dunia imeharibika. Nasikia mna mkutano.”

“Saa sita.”

“Nyote?”

“Sote.”

“Mpaka saa ngapi?”

“Mpaka Mwenyekiti achoke kusema.”

“Basi mtakesha,” Bwana Mapazia akacheka. “Pole na mdogo wako, bibie. Damu ya mtu haikauki kwa kufutwa. Nikipata nafasi nitapita baadaye, nipime lile dirisha.”

“Limekua?”

“Huwezi jua.”

Akaenda zake. Mama Pindo hakumfikiria tena. Hilo nalo mlikumbuke.

*

Saa sita jua limesimama utosini, na uani hapakuwa na kivuli isipokuwa kile cha tumbo la Mwenyekiti, ambacho Nyundo alikuwa amekalia.

“Ndugu wakazi,” Mwenyekiti akaanza, mkono mmoja hewani, mwingine kwenye ukosi wa Nyundo, “tuna kesi fupi. Mlango haukuvunjwa. Dirisha lina nondo. Basi aliyeingia ana ufunguo. Na funguo zilipita kwa nani?”

“Kwangu,” Nyundo akasema. “Lakini kaka, ningetaka kuiba televisheni, ningeiba yenye picha. Yako ilikuwa na sauti tu.”

Nesi akacheka. Mwenyekiti akamtazama, nesi akajifanya anakohoa.

“Kitendawili,” Mama Pindo akasema.

Watu wakatazamana.

“Mama, hapa ni mkutano,” Mwenyekiti akasema.

“Kitendawili.”

“Tega,” Mwalimu akajibu. Miaka thelathini na tano darasani haitoki kwa siku moja.

“Nina mama sita na watoto kumi na wanane, na kila mtoto hunyonya kwa mama yeyote.”

“Hiyo ni familia ya dereva,” akasema nesi.

“Mimi sina watoto kumi na wanane,” dereva akasema.

“Unaowajua.”

“Mwenyekiti,” Mama Pindo akasema, “jibu, au nipe mji.”

Mwenyekiti, kwa kutaka yaishe, akapunga mkono. “Siwezi. Chukua nyumba yangu.”

“Nyumba yako ninayo tayari.” Akavua ufunguo shingoni, akamtupia. “Huo ni wa kwangu. Zunguka mbele, kafungue kwako, urudi.”

Mwenyekiti akacheka. Kisha akaona yeye peke yake ndiye anayecheka. Akamkabidhi dereva ule ukosi kama mtu anayekabidhi mbuzi, akazunguka. Wakasikia viatu vyake, kisha hawakusikia kitu, kisha wakasikia viatu tena, polepole. Aliporudi, uso ulikuwa umepungua.

“Umefungua,” akasema.

“Na wangu unafungua kwa Mwalimu, na wa Mwalimu unafungua kwangu. Muulizeni alivyoingia leo.”

“Tusiulize,” Mwalimu akasema upesi.

Mwenyekiti akaurudia ukosi wa Nyundo. “Umetufungia vitasa vya ufunguo mmoja, wewe mtoto?”

“Nani alisema tununue katoni?” Nyundo akauliza.

Hapo kila mtu alikumbuka. Nyundo alitaka kila nyumba inunue kitasa chake, duka lake. Ni Mwenyekiti aliyesimama palepale, miezi miwili iliyopita, akasema tununue kwa katoni, bei inashuka, na milango ikifanana safu itapendeza. Wakapiga makofi. Dereva alipiga mpaka akasimama.

“Katoni za siku zote, kila kitasa kina namba yake,” Nyundo akaendelea. “Hii ilikuwa ya watu wa ofisi, wanaotaka milango ishirini ifunguke kwa ufunguo mmoja. Mimi sikutazama namba. Hapo nimekosa, nakubali.”

“Hukujaribu?” Mama Pindo akamuuliza, na sauti yake ilikuwa ile ya zamani, ya kabla ya kiboko.

“Nilijaribu, dada. Kila kitasa nilikijaribu kwa ufunguo wake, mara tatu tatu. Nani anajaribu ufunguo wake kwenye mlango wa jirani?”

Mwalimu akatazama mawingu.

“Kwa hiyo,” dereva akasema, na alisema polepole kama mtu anayekanyaga kwenye tope, “miezi miwili yote, kila mtu humu ana nyumba sita.”

Wakaanza kutazamana. Nyie mnajua macho ya namna hiyo. Dereva akamkumbusha nesi juu ya sukari yake iliyokuwa inapungua peke yake. Nesi akasema sukari anayo ya kutosha, ila kuna mtu hulala kwenye kitanda chake anapokuwa zamu, maana anakuta mto umebonyea. Mwalimu akauliza, kwa sauti ndogo, kama kitanda hicho kina shuka la michirizi ya bluu. Akaambiwa ndiyo. Hakuuliza tena.

“Basi mwizi ni mmoja wetu,” Mwenyekiti akasema. “Ama ni huyu huyu.” Na ukosi akauvuta.

“Tuhesabu,” akasema Mama Pindo. “Kila kitasa kilikuja na funguo tatu. Leteni beseni.”

Msinione natoboa siri za watu, lakini mjue funguo zile zilikotoka. Mbili chini ya zulia la mlangoni, ambapo hata paka angetafuta kwanza. Mmoja kwenye kopo la maua. Mmoja juu ya sanduku la mita. Wa tatu wa nesi ulitoka kifuani, ukiwa na joto. Za Mwalimu zilikuwa zote tatu kwenye kamba moja, ili zikipotea zipotee pamoja.

“Kumi na saba,” Mwalimu akahesabu kwa kugusa.

“Wangu wa tatu anao mke wangu,” Mwenyekiti akasema. “Yuko kliniki tangu asubuhi. Na msianze. Mke wangu hawezi kuiba televisheni yangu. Televisheni ni yake.”

Nesi, ambaye kliniki hiyo ndiyo anayofanyia kazi, akafungua mdomo. Kisha akaufunga.

“Kumi na nane basi, zimetimia,” Mama Pindo akasema, na moyo wake ukashuka. Zimetimia, na hakuna uliopotea, na mdogo wake bado yuko mkononi mwa mtu. Akamtazama Nyundo, shingo nyembamba ndani ya shati alilolishona yeye mwenyewe, na Nyundo akamtazama kwa macho yale ya utotoni, ya kusema dada nitoe hapa.

Ndipo macho yake yakashuka mpaka kwenye lile sanduku la vifaa.

“Nyundo. Katoni ina vitasa vingapi?”

“Kumi na viwili.”

“Sisi tuko sita.”

“Vingine nimevikalia.”

“Fungua.”

Akafungua sanduku. Vilikuwa kwenye maboksi yao madogo, na Mwalimu akavigusa kimoja kimoja.

“Vitano,” akasema. “Sita na vitano ni kumi na moja. Kumi na viwili toa kumi na moja…”

“Tumeelewa, Mwalimu.”

Nyundo alikuwa amebadilika rangi. “Kimoja nilimfungia mtu dukani kwake. Alinikuta nimemaliza kwako, dada, akasema anataka kama hicho hicho. Kwamba ukiolewa naye, milango ifanane.”

Haikuhitaji jina. Mwanamume aliyepima kila dirisha la safu hii, akajua ndani mna nini na nani anatoka saa ngapi. Mwanamume aliyeuliza asubuhi ile ile: nyote? Mpaka saa ngapi?

Na Mama Pindo alimjibu. Vizuri kabisa, kama mtoto anayesoma shairi.

Akainuka bila neno. Akaweka kidole mdomoni kuwaambia watulie, akapita ujia wa pembeni, pekupeku, mpaka mbele ya nyumba yake. Mlango umefungwa, kimya. Akaweka sikio. Ndani, mtu aliburuta kitu kizito, akaacha, akaburuta tena. Ule mburuzo anaujua. Ni miguu ya meza ya cherehani.

Hapo kwenye fremu, juu ya kitasa kipya kinachong'aa, palikuwa bado na vipete vya zamani, na kwenye vipete limening'inia kufuli la marehemu mumewe, jeusi, kubwa kama ngumi ya bondia. Nyundo aliliita takataka. Aliahidi kuja kuling'oa kesho. Kesho ya fundi, ashukuriwe Mungu, huwa haifiki.

Mama Pindo akakutanisha vipete, akalisukuma kufuli kwa viganja viwili.

Kach.

Mburuzo ukakoma.

Akarudi uani akitembea kwa madaha, akasimama mbele ya mlango wake wa nyuma, ule wenye komeo kwa ndani. Watu wote wakajipanga nyuma yake. Dereva kashika jeki. Nesi bado ana kandambili.

“Bwana Mapazia,” akaita, sauti ya kumwita mtu mezani. “Mbele pana kufuli. Madirisha yana nondo, na vipimo vyake unavijua kuliko mimi. Huku nyuma tuko sisi. Toka upime unapopenda.”

Ikatoka sauti, karibu kabisa na mbao za mlango.

“Bibie.”

“Nakusikia.”

“Nitatoka, na vitu vyote nitasema viliko. Huyo mdogo wako hana kosa, mwachieni. Ila naomba jambo moja. Mwenyekiti aondoke kwanza.”

“Mimi?” Mwenyekiti akasema. “Kwa nini mimi? Ana nini na mimi?”

Bwana Mapazia hakupata nafasi ya kujibu. Maana humo ndani, katikati ya vitambaa na vumbi la vitambaa, mtu mwingine alikuwa amejizuia kwa muda mrefu kupita uwezo wa pua ya binadamu.

Chafya moja.

Ya pili.

Ya tatu, ikafika nyumba ya sita.

Hakuna aliyegeuka kumtazama Mwenyekiti. Ila Nyundo alihisi ule mkono, uliokuwa umemkaba ukosi tangu asubuhi, ukilegea kidole kimoja kimoja, mpaka shati likawa huru.

Na kwa ndani, polepole, komeo likaanza kusogea.